Klabu Iliyovunjwa Kila Septemba

Harrow, London
20 Oktoba 1985

Kwa dada yangu Mwatima, Mungu akuweke,

Assalamu alaykum. Nakuandikia nikiwa mzima, isipokuwa kifua kimeanza kunisumbua kama kawaida yake baridi inapoingia, na naomba barua hii ikukute wewe na wote wa nyumbani katika afya na furaha. Wifi yako Ummukulthum anakusalimu sana. Anauliza goti lako linaendeleaje, na kama ile dawa ya kuchua aliyompa Hamad akuletee unaitumia kweli au umeitia kabatini pamoja na ile ya mwaka juzi. Mwanao Salha, binti yetu, naye anakusalimu. Anakusalimu kwa Kiingereza, maana ndivyo walivyo watoto wa huku, kusikia wanasikia lakini kujibu ni shughuli. Wewe ipokee hivyo hivyo.

Halua imefika. Hamad aliapa kuwa hakuionja njiani, nami nikamwamini mpaka nilipoifungua. Barua yako nayo imefika. Nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Najua kwamba umeniuliza jambo moja tu, tena kwa maneno machache: bintiyo Mize anaolewa Mfungo Saba, maulidi yakishapita, mume wake hana nyumba, na chumba cha juu ni changu. Je, narudi nyumbani au sirudi? Dada, ulistahili kujibiwa siku ile ile. Nimekaa kitako mara nyingi kukujibu nikainuka. Hata leo, toka nianze barua hii, nimeshainuka mara mbili, na mara moja ilikuwa kwenda kufunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa.

Nitakujibu. Lakini siwezi kukujibu bila ya kukueleza kwanza habari za klabu yetu ya kriketi, na tafadhali usitupe barua ukasema huyu ni Abdulwakil yule yule, anaulizwa nyumba anajibu mpira. Marehemu mama alikuwa akiyasema hayo, na haki alikuwa nayo. Safari hii mambo hayo mawili ni jambo moja. Nisikilize tu mpaka mwisho.

Klabu ilizaliwa mwaka 1970 katika duka la Praful, hapa jirani, Kenton. Praful huenda humkumbuki, lakini baba yake utamkumbuka, yule Mhindi mnene aliyekuwa akiuza vitambaa Mkunazini na kukupunguzia bei kila ukimtajia jina la bibi. Mimi na Hamad tulikwenda kununua bizari. Praful alikuwa akipima pilipili kwa mkono wa kushoto, Hamad akamkazia macho, kisha akamwambia mbele ya wateja kwamba yeye ndiye aliyemtoa mchezoni pale kiwanja cha Mnazi Mmoja, kule kwetu, kwa mpira wa kwanza kabisa. Praful akamtazama, akasema si kweli, ulikuwa mpira wa pili. Basi wakaanza kubishana, pilipili ikabaki kwenye mizani, na kina mama waliokuwa kwenye foleni wakaanza kunung'unika kwa Kigujarati. Kule kwetu watu wawili hawa hawakuwahi hata kunywa chai pamoja. Unakumbuka ilivyokuwa, kila jamaa na klabu yake, Wahindi na zao, Wagoa na yao, Wangazija na yao, na mchezo ukisha kila mtu anarudi mtaani kwake. Hapa London tulikuwa wachache mno kuendelea na mambo hayo.

Kupata watu kumi na moja kulikuwa kazi. Mmoja alikuwa akitoka Tooting, anavuka mji mzima kila Jumamosi akiwa amevaa fulana tatu ndani ya shati jeupe. Mwengine hakuwahi kucheza kriketi maishani mwake, lakini alitwambia kuwa mjomba wake alikuwa akicheza, tukamchukua. Tukakodi uwanja wa kaunsil, yaani serikali ya mtaa, nyuma ya reli, ambako treni za Metropolitan zinapita na abiria wakikutazama unavyokosa mpira. Tukajiandikisha katika ligi ndogo ya huku kaskazini-magharibi, ligi yenye madaraja manne, na sisi kama klabu yoyote mpya tukaanzia la nne. Hamad akawa kapteni. Mimi nikawa katibu, kwa sababu nilikuwa karani wa ghala la hospitali na walidhani karani wa mahali popote anafaa kuwa katibu. Jina tukajiita Mnazi Mmoja.

Mwaka ule tulishindwa na kila mtu, wakiwemo watoto wa skuli. Lakini timu zote zilipenda kuja kwetu, kwa sababu ya Champa, mke wa Praful. Huku mchezo unasimama katikati watu wanywe chai, na desturi ni mkate wenye tango ndani, kitu baridi hakina chumvi. Champa alikuwa akileta kachori, bhajia na chatne ya nazi. Havikuwa na nyama hata kidogo, kwa hiyo hakuna aliyeuliza kimechinjwa na nani, Mwislamu na Mhindi na Mwingereza wote walitia mkono sahani moja. Wazungu walikuwa wakila mpaka wanashindwa kukimbia, na baadaye, tulipoanza kushinda, wako waliosema tunashinda kwa bhajia.

Sasa ngoja nikwambie tulilolifanya, nawe useme kama ni wazimu. Ule msimu wa kwanza ulipomalizika, Septemba, Hamad alitukusanya akasema kwamba inshallah ikifika Aprili sote tutakuwa kwetu, mambo kule hayawezi kuendelea hivi, na si vizuri kuacha jina letu ugenini halina watu wake. Bora tuivunje klabu kwa heshima. Hakuna aliyepinga. Kila mmoja wetu alikuwa na mabegi juu ya kabati. Nikaiandikia ligi kwamba klabu ya Mnazi Mmoja imekwisha, tunashukuru kwa wema wenu. Jumapili iliyofuata tukakutana nyumbani kwa Praful, nyuma ya duka. Champa akapika, Hamad akasoma Fatiha, Praful akawasha udi wake, kisha tukatakana radhi kama watu wanaosafiri. Mmoja mmoja alisimama akasema, ndugu zangu nasafiri, kama nimekukoseni niwieni radhi, na sote tukajibu kwamba tumekuwia radhi nawe utuwie. Watu wazima walilia, dada. Vifaa tukagawana, huyu beti ya kupigia mpira, yule glavu, ili pasiwe na mtu wa kubeba mzigo wa wote.

Aprili ikaja. Simu ikalia kwangu, ni Hamad, ananiuliza kama nipo. Nikamwambia nipo, lakini kwa muda tu. Akasema hata yeye. Tukacheka, tukampigia Praful, naye alikuwepo kwa muda tu. Wote walikuwepo. Tukaenda kujiandikisha tena, tukaambiwa kuwa kwa kanuni za ligi klabu iliyovunjwa imekufa, wanaokuja baada yake ni wapya, na wapya huanza daraja la nne, tena wasichukue jina la maiti. Basi tukajiita Mnazi Mmoja 1971. Septemba tukaivunja hiyo nayo, tukatakana radhi, tukalia. Mwaka uliofuata tukazaa Mnazi Mmoja 1972.

Dada, tumefanya hivi kila mwaka mpaka mwaka jana.

Tulijifunza kucheza, usidhani tulibaki vile vile. Mwaka 1973 tulishinda daraja letu, tukapewa kikombe ambacho hata yai la kuku lingekijaza. Walioshinda pamoja nasi wakapanda daraja la tatu. Sisi tukavunja klabu, na Aprili tukaanza upya chini kabisa, tukashinda tena. Wapinzani wakaanza kulalamika kwamba tunajificha chini makusudi ili tuwale wanyonge. Katibu wa ligi, mzee mmoja Mwingereza mwenye baiskeli, alikuja mwenyewe dukani kwa Praful kuniuliza kwa upole kama tuna matatizo, labda maradhi, labda jambo la dini. Nikamweleza kuwa tunarejea kwetu. Akaniuliza lini. Nikamwambia mwakani. Akanywa chai, akashukuru, akaenda zake. Mwaka wa pili yake akaja akaniuliza tena, na wa tatu, mpaka ikawa ndiyo salamu yetu, yeye ananiuliza lini, mimi namjibu mwakani, kisha tunazungumza habari za mvua.

Mtu pekee aliyetukasirikia waziwazi alikuwa Nizar. Huyu alikuja na wale waliofukuzwa Uganda, kijana wa Kampala, mrushaji mpira hatari, na Kiswahili chake cha kule bara kinachotuchekesha. Alicheza nasi misimu mitatu. Siku ya kutakana radhi ya mwaka wa tatu akakataa kusimama. Alisema yeye hana anakosafiri, nyumba yao kule amelala mwanajeshi, na amechoka kushinda kikombe cha yai. Akamwambia Hamad mbele ya watu kwamba sisi si wasafiri, sisi ni watu wanaoogopa kupanda daraja. Hamad alimtoa nyumbani kwa watu, nyumba isiyo yake, na Praful kwa haya hakumzuia. Nizar akaenda akaunda klabu yake, na leo iko daraja la kwanza. Nilimchukia miaka mingi. Nilimchukia zaidi usiku ninapolala, maana maneno yake nilikuwa nayasikia vizuri zaidi kulikoni maneno ya Hamad.

Na mimi, nyumbani kwangu, nilikuwa vile vile. Wenzetu walinunua nyumba Kenton na Harrow, nyumba za kushikana ubavu na bustani nyuma. Mimi nilikodi fleti, nikamwambia Ummukulthum tusijitie katika madeni, mwakani tunaondoka. Nilimkataza asipige msumari ukutani. Ile Ayatul Kursi aliyopewa na mamake siku ya harusi imekaa miaka yote juu ya meza, imeegemezwa ukutani, na kila treni ikipita inateleza inalala kifudifudi, naye anaisimamisha. Yeye anakwenda kuwahudumia wazee wa Kizungu katika nyumba yao ya kutunziwa, anarudi amechoka, anaisimamisha tena. Hakuwahi kunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Halafu mwaka jana njia ikafunguka. Tukaanza kusikia fulani kaenda na karudi salama, fulani kaingia bandarini na masanduku yake wala hakuulizwa kitu. Ungedhani tungeruka kwa furaha. Wallahi dada, hakuna aliyeruka. Miaka yote tulikuwa na jibu, kwamba tungerudi lakini hairuhusiwi. Sasa imeruhusiwa, na uwanjani kila mtu anaangalia viatu vyake. Praful alisema ana duka. Yule wa Tooting alisema ana mgongo. Mimi nilisema Salha ana mitihani. Hamad peke yake ndiye aliyesema anakwenda, akakata tikiti ya miezi mitatu, na mwaka huu baada ya Idi tukamsindikiza sote mpaka kiwanja cha ndege. Safari hii radhi tulizotakana zilikuwa za kweli, na zilikuwa fupi.

Alirudi kabla mwezi haujesha. Ilikuwa Jumamosi, tuko uwanjani, tukamwona anatokea upande wa reli na begi lake mkononi, amekuja moja kwa moja. Alikaa nyasini, akaomba chai. Mambo ya safari alinieleza mimi tu, na kidogo kidogo. Nyumba yao alikwenda kuitazama. Wanaoishi ndani ni watu wema, walimkaribisha vizuri sana, wakampa kiti karibu na mlango, wakamletea kahawa, wakamuuliza mgeni ametoka wapi. Alisema kama wangemfukuza angejua la kufanya. Walivyomkirimu ndivyo walivyommaliza.

Kisha akanieleza habari zenu. Alisema ulimpikia pweza wa nazi, na kwamba umezidi kufanana na mama. Alisema ulimpandisha juu ukamfungulia chumba changu ili aje anihadithie. Kitanda kimetandikwa, chandarua kimefungwa, beti yangu iko ukutani pale pale, na hata vumbi hakuna, unakifagia kila Ijumaa. Niliposikia hayo nilitaka kuinuka nikakate tikiti siku ile ile. Lakini Hamad hakuwa amemaliza. Alisema Mize alikuja nyuma yenu kuleta maji, akavua viatu mlangoni kama anayeingia msikitini. Hamad akamtania kwamba aje akae kitandani, yeye ndiye mwenye nyumba. Mize akamjibu kuwa hapana, hicho ni kitanda cha mjomba, hakikaliwi. Naye ndiye mtoto ambaye alikuwa hajazaliwa nilipoondoka. Kakulia nyumba hiyo, kalala na wewe na wadogo zake chumba kimoja cha chini, joto na mbu, na juu ya vichwa vyenu kuna chumba kizima kinamsubiri mtu anayecheza mpira London. Dada, kwa nini hukuniandikia? Lakini najua kwa nini. Kila barua yangu ilimalizika kwa maneno mwakani inshallah, nawe uliniamini kwa sababu ni mimi niliyesema.

Sasa nafika pale ulipokuwa unanisubiri.

Mwezi wa nane kaunsil walitwambia kwamba uwanja wa nyuma ya reli hawataukodisha tena msimu kwa msimu. Wanataka klabu itakayouchukua kwa miaka ishirini na moja, ijenge chumba cha kubadilishia nguo, na iutunze. Kama hatutaki, iko klabu nyengine tayari, na hiyo ilikuwa ya Nizar. Nizar alikuja mwenyewe kutwambia, kwa adabu, amevaa koti na tai. Alisema hatauchukua kwa siri, sisi tuamue kwanza, na tukiutaka hatagombana nasi. Alimpa Hamad mkono, na Hamad akaupokea.

Septemba ilipokwisha tukakutana kwa Praful kama kawaida. Tumekula, Fatiha imesomwa, udi umewashwa, na ikawa zamu ya kapteni kusimama kwanza kuomba radhi. Hamad hakusimama. Champa alitoka jikoni na mwiko mkononi, akidhani mtu kazimia, kwa jinsi kulivyokuwa kimya. Ndipo Hamad akasema kwamba hana anakosafiri. Kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayesema hana njaa. Akasema Nizar aliyasema haya zamani na yeye akamtoa nje, na akitaka radhi leo basi ni kwa Nizar. Praful akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikawa kilio, akatoka nje kwenda kusimama bustanini.

Tukaulizana kuhusu uwanja. Kila mmoja alisema ndiyo, ila ndiyo ya chini chini, kisha wakanigeukia mimi. Hamad alisema kuwa katibu ndiye atakayetia saini, na pia katika sisi sote ni Abdulwakil peke yake aliye na nyumba inayomngoja, na dada anayeifagia. Sisi wengine tunabaki kwa sababu hatuna pa kwenda, yeye anapo. Kama anarudi aseme, tusimfunge, tutatafuta mwengine. Nikaomba wiki moja.

Wiki hiyo sikukaa mahali pamoja. Nilitembea kutoka Harrow mpaka Kenton na kurudi, nikapanda treni mpaka mwisho wa njia bila haja yoyote, kazini nilipeleka bandeji wodi iliyoomba mashuka. Nilihesabu umri wangu nikaongeza ishirini na moja, nikaona ni mzee mwenye fimbo. Nilijiuliza ningefanya nini kwetu, nikajiona nimekaa kitandani chumba cha juu, nimetandikiwa, na Mize yuko chini na mumewe na mtoto. Sikumwona mtu mwengine yeyote katika chumba kile isipokuwa yule kijana wa zamani, naye hanijui. Kisha najiona uwanjani, mvua inanyunya, Praful ananitukana kwa kuacha mpira kupita miguuni, na hapo, dada, kifua kinafunguka.

Ijumaa baada ya sala nilikwenda kaunsil nikatia saini.

Na hili ndilo ninaloona haya kukuandikia, ndilo lililonifanya niinuke na kukaa tangu asubuhi. Saini si kitu. Nilidhani nitatoka pale nalia. Nilijitayarisha, nilitia leso mfukoni. Nilitoka nikiwa na furaha. Furaha kubwa, ya kitoto, mpaka nilimwamkia polisi barabarani. Niliingia duka la vyuma nikanunua nyundo na misumari, nikaja nyumbani nikapiga msumari ukutani wakati Ummukulthum anatazama, na jirani anagonga ukuta kwa upande wake. Nikaitundika Ayatul Kursi. Treni ikapita, sote wawili tukaitazama, haikuanguka. Ummukulthum akakaa akalia, na hapo ndipo nilipoijua bei aliyoilipa yeye. Salha akatoka chumbani kwake akauliza, kwa Kiingereza, kama sasa anaruhusiwa kupaka rangi chumba chake. Nikamwambia apake. Amepaka zambarau, kinatisha, lakini ni chake.

Basi jibu lako ndilo hilo. Sirudi, dada. Si kwamba nimezuiwa, wala si kwamba nimekusahauni. Hapa ndipo ninapokaa.

Mpe Mize chumba. Usimpe kwa muda, mpe kabisa, na wewe mwenyewe umkalishe juu ya kitanda hicho mbele ya mumewe ili ajue. Chandarua kitoeni, lazima kimeoza. Nguo zangu wape wanaozitaka, kama bado kuna mtu anavaa suruali za mapana yale. Beti itoeni ukutani. Mkwe wetu akiitaka kwa kuzuilia mlango wakati wa upepo, ni sawa, ilikuwa beti nzuri lakini mimi sikuwa mpigaji mzuri. Inshallah nitakuja kukutazameni, mwakani sisemi, neno hilo nimeliacha. Siku nitakayokuja nitasimama mlangoni nipige hodi, na nakuomba usitoke ukanikemea kwamba hii nyumba yako, ingia. Niitikie karibu kama anavyoitikiwa mgeni. Nitalala ukumbini, na asubuhi nitanywa chai kwa Mize.

Jambo la mwisho. Nilipoondoka mwaka ule nilikwambia nakwenda Mombasa kuangalia kazi, nitarudi kabla ya Idi. Ulikuwa unaosha mchele, hukuinua hata kichwa, kwa sababu haikuwa safari ya kuagana. Toka hapo kila Septemba nimetaka radhi kwa watu kumi wa London, wengine siwapendi hata kidogo, nikalia nao, nikawasamehe hata mabao waliyoyakosa na mipira waliyoiangusha. Kwako wewe sijataka hata mara moja. Basi nakutaka sasa. Dada yangu Mwatima, nasafiri. Kama nimekukosea, niwie radhi, kwa chumba, kwa Ijumaa zote ulizofagia, na kwa kila mwakani niliyokuandikia. Mimi nimekuwia radhi kwa yote, ingawa nimefikiri sana na sioni ulilonikosea.

Wasalimie majirani wote wanaonikumbuka, na wasionikumbuka pia. Mbusu Mize machoni kwa niaba yangu na umwambie zawadi yake ya harusi Ummukulthum anaishona. Praful na Champa wanakusalimu bila ya kukujua. Hamad anasema pweza wako hajamsahau. Aprili tutaanza daraja la nne kama kawaida, maana mwaka huu hatukushinda, na jina letu, kwa ruhusa ya yule katibu wa ligi, litakuwa Mnazi Mmoja, halina mwaka tena, na tukishinda tutapanda. Ukiniandikia, habari nyengine hazina haraka. Anza na radhi.

Mimi nduguyo,
Abdulwakil